Posa Isiyo na Mshenga

Johnnie Gray amekataliwa. Ni dereva wa treni mjini Marietta, jimbo la Georgia, mwaka 1861, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ndiyo kwanza vimeanza. Amekwenda kujiandikisha jeshini wakamrudisha, kwa kuwa dereva ana faida zaidi akibaki na injini yake, ila hakuna aliyejisumbua kumweleza sababu. Annabelle Lee, binti anayemtaka, anaamini jamaa kaogopa, na amemwambia asimsemeshe tena mpaka atakapokuwa amevaa sare. Johnnie anakwenda kukaa kwenye ile fimbo nene ya chuma inayounganisha magurudumu makubwa ya injini. Amejiinamia, mawazo yako mbali. Huko ndani kuna mtu asiyejua kwamba mwenzake amekaa pale, naye anafungulia mvuke. Magurudumu yanaanza kuzunguka. Fimbo inamnyanyua Johnnie, inamshusha, inamnyanyua tena, taratibu, na yeye hana habari. Anakuja kugutuka injini ikiwa mlangoni mwa banda, na hapo hapo banda linammeza.

Filamu hiyo ni The General ya mwaka 1926, na aliyekaa kwenye chuma ni Buster Keaton, ambaye pia aliiongoza akishirikiana na Clyde Bruckman. Injini ni ya kweli, ya mvuke. Keaton alikuja kusimulia kwamba dereva aliyekuwa ndani alisita: mvuke ukizidi kidogo tu, magurudumu huteleza na kuzunguka kwa kasi papo kwa papo, na aliyekaa pale huenda asipone. Walijaribu, wakaridhika, wakapiga picha. Kamera imetulia mahali pamoja. Mtu anaonekana mzima, kuanzia kofia hadi viatu, na magurudumu yanaonekana pamoja naye, ili mtazamaji asipate mwanya wa kusema amechezewa kiini macho.

Nikiitazama sehemu hiyo huwa naangalia mabega. Mtu akikalia kitu kinachopanda na kushuka, mwili hujihami wenyewe: mkono hutafuta pa kushika, kiuno hukaza. Mwili wa Keaton haujihami. Unakwenda kunakopelekwa na chuma, kama mzigo. Hapo ndipo kazi ilipo. Angejishika kidogo tu, tungejua kwamba anajua, na akishajua, huzuni imekwisha na kichekesho kimekufa papo hapo. Mapenzi yake kwa Annabelle yamepimwa kwa kiasi cha kutojua kwake kwamba dunia inazunguka.

Kwetu mwanamume hajipelekei posa. Kuna mshenga, mtu mzima mwenye maneno, anayejua aanzie wapi na anyamazie wapi. Vijana wa sinema ya kimya hawakuwa na mshenga na hawakuwa na sauti. Walikuwa na vibao vya maandishi vilivyopachikwa katikati ya picha, lakini kibao kinachosema “nakupenda” ni kitu kilichokufa. Hakuna aliyewahi kulia wala kucheka kwa ajili yake. Basi mwili ukapewa ushenga. Ujumbe ukapelekwa kwa kujikwaa, kwa kupitiliza ngazi, kwa kukalia kofia, kwa kukimbia mji mzima. Waliokuwa wakijua kazi hii walielewa kwamba kuanguka hakukatizi mapenzi ili watu wapumzike wacheke kidogo. Kuanguka ndiko kunakoyasema.

Keaton alianza kuusomesha mwili huo mapema mno. Alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Piqua, Kansas, kwa wazazi waliokuwa wakizunguka na maonyesho ya jukwaani. Akiwa bado mtoto mdogo aliingizwa kwenye kazi ya wazazi wake, wakajiita The Three Keatons. Kazi yenyewe ilikuwa baba kumrusha mtoto: kwenye pazia, kwenye mapambo ya jukwaa, wakati mwingine hadi kwa wapiga muziki. Nguo yake ilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili anyakulike kwa urahisi. Vyama vya kutetea watoto viliwafuatafuata sana, na leo nadhani tungewaunga mkono. Lakini humo ndimo mtoto alimojifunza mambo mawili. La kwanza, namna ya kuanguka bila kuvunjika. La pili, kwamba akitua huku akicheka, ukumbi hunyamaza, na akitua na uso mkavu, ukumbi huangua kicheko. Uso ule mkavu ndio uliokuja kuwa alama yake kazini.

Mwaka 1917, mjini New York, mchekeshaji Roscoe Arbuckle alimkaribisha kwenye studio alikokuwa akitengeneza filamu fupi. Keaton hakuanza kwa kuuliza mshahara. Alitaka kuona kamera, akaifungua, akaichungulia ndani kujua inafanyaje kazi. Miaka mitatu baadaye alikuwa na studio yake na timu yake: wabunifu wa vichekesho kama Bruckman na Jean Havez, mpiga picha Elgin Lessley, na fundi Fred Gabourie aliyeweza kujenga chochote walichokiota, na kukiangusha pia. Hawakuandika mswada kamili. Walihitaji kujua mwanzo na mwisho. Katikati waliamini itajijaza yenyewe mradi mwanzo na mwisho vimesimama.

Siyo yeye peke yake, bila shaka. Harold Lloyd katika Girl Shy ya mwaka 1924 ni kijana mwenye kigugumizi anayeandika kitabu cha kufundisha wanaume kutongoza. Kigugumizi kwenye sinema isiyo na sauti! Anafika kwenye harusi ya mpenzi wake na bwana mwingine, maneno yanagoma kutoka, mwisho anambeba bibi harusi na kuondoka naye. Naye Charlie Chaplin, katika City Lights ya mwaka 1931, alihangaika muda mrefu na swali dogo: msichana kipofu anayeuza maua atadhani vipi kwamba mzururaji huyu asiye na kitu ni tajiri? Jibu alilolipata ni mlango wa gari. Chaplin anakatiza ndani ya gari lililosimama ili kuvuka barabara, anashukia upande wa pili, mlango unafungwa, msichana anausikia. Sisi hatusikii kitu, na bado tunaelewa amesikia nini. Ni ufundi wa hali ya juu. Ila Chaplin hataki uondoke bila kumhurumia, na Lloyd hataki uondoke bila kumpigia makofi. Keaton hakuombi lolote, na kwa sababu hiyo mimi humpa zaidi.

Kwa habari ya posa hasa, filamu ya kuitazama ni Seven Chances ya mwaka 1925. Chanzo chake ni tamthilia ya jukwaani ambayo Keaton mwenyewe hakuipenda. Ilinunuliwa na mtayarishaji wake, Joseph Schenck, ikabidi aifanye. Inafunguka kwa rangi, jambo adimu enzi hizo. Jimmy Shannon amesimama nje ya nyumba na Mary, na miguuni pao kuna mbwa mchanga. Anataka kumwambia kwamba anampenda, na hasemi. Majani yanapukutika, theluji inaanguka, maua yanachanua upya. Kila majira tunawakuta palepale, wamesimama vilevile, neno halijatoka. Anayebadilika ni mbwa. Kila tukirudi amekua, mpaka anakuwa jibwa la kutisha. Mtu mwingine angetuwekea kalenda.

Halafu shida inaingia. Wakili anakuja na wosia: Jimmy atarithi dola milioni 7 iwapo atakuwa ameoa kabla ya saa moja jioni siku anayotimiza miaka 27. Siku yenyewe ni leo. Anakwenda mbio kwa Mary, anaposa, anakubaliwa, kisha anaharibu kwa kueleza. Akisema lazima aoe leo, awe yeye au yeyote, Mary anasikia lile “yeyote” tu. Katika filamu za Keaton maneno ndiyo yanayovunja, na miguu hupewa kazi ya kuunga.

Angalia anavyokwenda kwa Mary. Jimmy anaingia garini, anakaa, anashika usukani. Gari halisogei. Nyuma yake klabu alimokuwa inayeyuka, mahali pake inatokea nyumba ya Mary, na yeye anashuka. Kichekesho chote kimekwisha katika pumzi moja, lakini fikiria jinsi kilivyopatikana: gari limepelekwa mahali pengine kabisa, kamera imewekwa kwa umbali uleule na urefu uleule, na mtu amekaa katika mkao uleule, kwa sababu tofauti ya kidole kimoja ingefanya gari liruke kwenye kiwambo. Timu hii ilitumia vifaa vya wapima ardhi kupata vipimo. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefanya hivyo kwenye Sherlock Jr., ambamo Keaton, mwonyeshaji sinema aliyelala usingizi kazini, anaota anaingia ndani ya kiwambo, na mandhari inabadilika chini yake: anataka kukaa kwenye benchi, benchi linakuwa barabara, anaruka majini, maji yanakuwa theluji. Wengine wangetumia ujuzi huo kujionyesha. Katika Seven Chances unatumika kusema jambo moja dogo, kwamba kwa mtu anayekwenda kuposa safari haina urefu.

Mwenzake wa biashara anamshauri ajaribu wanawake saba pale klabuni. Wote wanakataa. Mmoja yuko roshani. Jimmy anamrushia karatasi yenye posa, na jibu linarudi kwa njia ileile, limechanwachanwa, likimnyeshea kichwani. Ndipo habari inatangazwa gazetini kwamba anayetaka kuolewa na urithi huo aende kanisani. Jimmy anatangulia, anakaa benchi la mbele, usingizi unampitia. Nyuma yake wanaanza kuingia. Mmoja. Wawili. Kisha kwa makundi, wa kila umri na kila umbo, na shela za kuungaunga, mpaka kanisa linafurika. Keaton anajua kwamba mtazamaji anataka aamshwe, kwa hiyo hamwamshi. Anakuacha uhesabu vichwa.

Wanawake wakigundua kwamba wamefanyiwa mzaha, wanaanza kumkimbiza, mamia kwa mamia, mitaani, uwanjani, mashambani. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, mbio hizo ziliisha kwa ubaridi, ila kuna mahali watu walicheka bila kutarajiwa: Keaton akiteremka mlima alikuwa ameyagusa mawe matatu kwa bahati mbaya, nayo yakaanza kumfuata. Mwingine angefurahi kwamba angalau wamecheka. Keaton alirudi kazini, akaagiza majabali ya bandia ya kila ukubwa, akapanda mlimani na kuporomokewa nayo yote. Leo ukimuuliza mtu kuhusu Seven Chances atakutajia majabali kabla ya wanawake. Sheria aliyofuata hapo ni ya fundi yeyote mzuri: kazi yenyewe ikikuonyesha inapotaka kwenda, iache iende, kisha uiongeze mwendo.

Mary naye amekwisha kumsamehe, na Jimmy anafika kwake amechelewa, kwa mujibu wa saa ya mwenzake. Saa ile imetangulia. Kengele ya kanisa inasema bado. Wanafungishwa ndoa, watu wanajipanga kumbusu bibi harusi, na bwana harusi anapopata nafasi yake hatimaye, anajitokeza kati yao yule mbwa wa mwanzo.

Ni lazima niseme pia kinachonikera. Mtumishi anayepeleka ujumbe wa Mary ni mzungu aliyepakwa masizi usoni, akiigizwa kuwa mzito na mpumbavu, na kuna mahali Jimmy anamfuata mwanamke ili amwombe ndoa, anaona kwamba ni mweusi, anageuza njia, nasi tunatarajiwa kucheka. Hollywood ya wakati ule ilijaa mambo hayo, na kusema hivyo hakuyapunguzii uchafu. Mtu aliyekuwa mwangalifu hivyo kwa umbali wa kamera hapa hakuangalia kabisa, na kichekesho chenyewe, ukikipima kwa vipimo vyake, ni kivivu.

Lawama nyingine anayopewa ni kwamba wasichana wake ni mapambo. Kwa baadhi ya filamu ni kweli. Mary ana kazi ndogo mno ya kufanya. Lakini tazama One Week ya mwaka 1920, filamu yake fupi, akiwa na Sybil Seely. Maarusi wapya wamepewa zawadi ya nyumba ya kuunganisha wenyewe, vipande vimo kwenye makasha yenye namba. Hasidi aliyemkosa bibi harusi anabadilisha namba. Nyumba inayotokea imepinda kama jino bovu: mlango uko ghorofani na hauna ngazi, ukuta unazunguka. Dhoruba ikija, nyumba nzima inazungushwa kama pia, na inazungushwa kweli, kwa sababu ilijengwa juu ya sahani kubwa ya kuzungusha. Seely hasimami pembeni akipiga kelele. Anabeba, anarushwa, anavuta. Mwishoni wanalazimika kuihamisha nyumba, nayo inakwama juu ya reli. Treni inakuja. Wanajiziba macho. Treni inapita kwenye reli ya pili, nyumba imesalimika, wanapumua, na hapo treni nyingine kutoka upande wa pili inaisambaratisha. Keaton anasimika kibao cha “inauzwa” kwenye kifusi, anaacha na maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanaondoka. Sijaona picha ya ndoa iliyo kamili zaidi katika muda mfupi kiasi hicho.

Na kuna Marion Mack, aliyecheza Annabelle katika The General. Wako kwenye injini, adui yuko nyuma, kuni zinahitajika haraka. Annabelle anaona gogo lenye tundu, anaona halifai, analitupa nje. Kisha anachukua ufagio na kuanza kufagia. Johnnie anamwambia atie kuni, anatia kijiti. Johnnie anamtazama, anaokota kibanzi kidogo kuliko kile, anampa kwa dhihaka, naye anakitia motoni kwa utiifu wote. Johnnie anamkaba shingo, anamtikisa, na bila kupumzika anambusu. Hasira na mapenzi vimetoka katika tendo moja, mikono ileile, na uso haujabadilika. Mwandishi wa maneno angehitaji kurasa mbili. Na asidhaniwe kuwa Annabelle ni mjinga tu: kamba aliyoifunga kati ya miti miwili kukatiza reli, ambayo Johnnie aliidharau, ndiyo inayokuja kuwatatiza waliokuwa wakiwafukuza.

Mwaka 1928 Keaton alipoteza studio yake na kuingia kampuni kubwa ya MGM, hatua ambayo baadaye aliiita kosa kubwa la kazi yake. Filamu ya kwanza huko, The Cameraman, bado ina mkono wake. Ni mpiga picha wa mitaani anayempenda Sally, karani wa ofisi ya filamu za habari, na ananunua kamera chakavu ili apate kuwa karibu naye. Siku Sally anampigia simu, anaacha mkono wa simu ukining'inia na kutimua mbio mjini. Sally bado anasema haloo, haloo, anakata, anageuka, na jamaa amesimama nyuma yake. Wakipanda basi la ghorofa na kutenganishwa na msongamano, Keaton anashuka ubavuni mwa basi likiwa mwendoni na kukaa juu ya bati la gurudumu, nje ya dirisha la Sally, waendelee na maongezi.

Kisha boti inapata ajali. Mshindani wake, Stagg, anajiokoa mwenyewe na kumwacha Sally majini. Keaton anamtoa, anamlaza mchangani, anakimbilia dawa. Akirudi anamkuta Sally amezinduka mikononi mwa Stagg, akidhani huyo ndiye aliyemwokoa, na wanaondoka pamoja. Keaton anapiga magoti. Kamera inarudi nyuma, na tunaona kwamba nyani mdogo aliyekuwa akiandamana naye anazungusha mpini wa kamera. Amepiga picha tukio zima. Picha hizo zinafika ofisini, zinaonyeshwa kwenye kiwambo mbele ya bosi na ya Sally, na ushahidi hauna haja ya mtu wa kuusimamia. Baada ya hapo sauti ilienea kwenye sinema, kampuni ikaanza kumwandikia maneno ya kusema, na filamu alizopewa si za kumtafutia mtu.

Haki miliki ya nyingi kati ya filamu hizi imekwisha huko Marekani, kwa hiyo zinapatikana mtandaoni bure. Tafuta nakala iliyosafishwa, maana kuna nyingine zimeharakishwa mpaka watu wanaonekana kama siafu, na muziki uliowekwa juu ukikuudhi, uzime tu. Anza na One Week, ambayo ni dakika ishirini na kitu, kabla ya kwenda kwa The General. Na usitazame peke yako. Waite watoto, mwite na bibi. Vibao vya maandishi ni vichache, na mmoja anayejua Kiingereza kidogo anatosha kuwasomea wote.